Milango mitano ya Gotu

Msomaji mpenzi, mimi ni mtu wa Lamu, na kwetu Lamu mlango si ubao wa kuzuia mwizi tu. Mlango ni uso wa nyumba. Mgeni huusoma kabla hajapiga hodi: nakshi zake, kizingiti chake, na daka lake lenye mabaraza ya kukalia. Nimetunga mashairi mengi juu ya milango, nami nikajiona kwamba naijua. Sikutazamia hata kidogo kuwa somo langu kubwa la milango ningelipata mbali na bahari, huko Gotu katika Kaunti ya Isiolo, na kwamba milango yenyewe ingekuwa vizibo vya soda juu ya mchanga.

Ukitoka mji wa Isiolo kuelekea Merti, Gotu iko njiani, kando ya mto Ewaso Nyiro. Mto huo hupata maji yake kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, ukapita kwenye mbuga za Samburu, Buffalo Springs na Shaba, kisha ukaenda kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Kwa kawaida hauioni bahari kabisa, na mtu wa pwani kama mimi humwonea huruma mto wa namna hiyo. Wenyeji wa pande hizo ni wafugaji, wengi wao Waborana na Waturkana, na hifadhi ya wanyama ya jamii zao imebeba majina mawili kwa pamoja: Nakuprat na Gotu.

Ilikuwa mwezi wa Novemba mwaka 2023. Nilikuwa nikienda Merti kumsikiliza mzee mmoja anayesifiwa kwa nyimbo za kunyweshea mifugo visimani. Nchi ile ilikuwa imetoka katika ukame mkubwa. Tangu mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikuwa imepita mfululizo bila ya mvua ya kutosha, na mizoga ya ng'ombe ilikuwa imezagaa kando ya njia. Kisha vuli ya 2023 ikaja kwa hasira, kana kwamba mbingu zilitaka kulipa deni lote kwa mara moja. Lori letu, lililobeba unga, sukari na sisi abiria juu ya turubali, lilifika Gotu saa kumi alasiri. Hapo dereva akazima injini. Mbele yetu laga lilikuwa likienda kwa nguvu, na barabara imegeuka kuwa uji.

"Tutalala hapa," akasema utingo. "Kesho Mungu akipenda."

Tukalala hapo siku tatu.

Kwenye kibanda cha chai cha mama mmoja wa Kiturkana tulijikusanya watu kama kumi. Miongoni mwetu alikuwapo mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, kijana mpole aliyekuwa akirudi kazini, na mzee mmoja wa Kiborana mwenye kilemba cheupe, ambaye siku ya kwanza sikumsikia akisema ila "Bismillahi" na "Alhamdulillahi". Mimi kwa kuwa nilivaa kofia ya vito na kuchukua daftari, wakanibandika jina la Ustadhi. Sikulikataa. Bila shaka hapo ndipo kibri kilipoanza.

Jioni nilijitia kuchangamsha baraza kwa mafumbo ya kwetu. Nikawatolea lile la mtu mwenye chui, mbuzi na majani, anayetaka kuvuka mto kwa mtumbwi usiobeba ila yeye na kimoja katika hivyo vitatu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Wote walilijua. Mama wa chai alilifumbua huku akimimina maziwa, tena kwa safari saba, ambazo ndizo chache kabisa ziwezekanazo. Fumbo hilo ni la kale sana. Huko Ulaya limo katika mkusanyiko wa mafumbo unaonasibishwa na Alcuin wa York, mwanachuoni aliyefariki mwaka 804, ila kwake mnyama mkali ni mbwamwitu, na badala ya majani ipo kabichi.

"Ustadhi," akasema mwalimu, "hilo ni la mto. Mimi nina la milango."

Akaomba vizibo vinne vya soda, akavipanga mstari mmoja mchangani, vyote vimefunikwa. Akasema: "Hii ni milango minne ya nyumba zilizoshikana kuta. Kizibo kilichofunikwa ni mlango uliofungwa. Kizibo kilicholala chali ni mlango ulio wazi. Ukigusa mlango wowote, unageuka wenyewe, na majirani zake wa kushoto na kulia wanageuka pia. Uliofungwa hufunguka, ulio wazi hujifunga. Mlango wa pembeni una jirani mmoja tu. Sasa fungua mlango wa kwanza peke yake, hiyo mingine mitatu ibaki imefungwa. Na uifanye kwa hatua chache uwezavyo."

Niliinama. Nikagusa wa kwanza: wa kwanza na wa pili ikafunguka. Nikagusa wa tatu: wa pili ukajifunga, wa tatu na wa nne ikafunguka. Nikagusa wa nne: wa tatu na wa nne ikajifunga. Ukabaki wa kwanza peke yake, wazi. Hatua tatu! Watu wakapiga makofi, na mimi nikavimba kama mkate wa mofa.

Mwalimu hakusema neno. Aliokota kizibo cha tano akakiweka mwisho wa mstari.

"Na mitano?" akauliza.

"Ni yale yale," nikajibu bila hata ya kutazama. "Nipe mpaka alfajiri."

Msomaji, ulimi hauna mfupa. Nililala na vile vizibo vitano ndani ya lori, nikivigeuza kwa mwanga wa simu hata betri ikakaribia kuzima. Nilipofungua wa kwanza, ulibaki wazi na wa tano. Nilipoufunga wa tano, ukafunguka wa nne. Nilipoufunga wa nne, ukafunguka wa pili. Nilikuwa kama mtu anayefukuza kuku uani peke yake: ukimziba huku, anatokea kule. Saa nane ya usiku nilivitupa vizibo kwenye gunia la sukari, na kwa hasira nikajisemea kwamba huyu mwalimu amenifanyia ujanja.

Asubuhi nilimwendea baada ya sala. "Mwalimu, fumbo lako halifumbuki," nikamwambia kwa ukali.

"Naam," akajibu. "Halifumbuki."

"Basi kwa nini ulinipa?"

"Sikukwambia kwamba linafumbuka. Nilikuuliza tu, ukaniambia ni yale yale."

Kabla sijapata la kumjibu, yule mzee wa kilemba cheupe aliweka kikombe chake chini. Kumbe tangu jana jioni alikuwa akivitazama vizibo kama anavyotazama mifugo ikiingia zizini. Akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Kiondoe hicho cha katikati, usikihesabu. Vihesabu hivi vinne vya pande mbili. Kila ukigusa, hapo vinageuka viwili. Si kimoja. Si vitatu. Viwili."

Tukajaribu. Ukigusa wa kwanza, hugeuka wa kwanza na wa pili: viwili. Ukigusa wa pili, hugeuka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Toa wa katikati, vimebaki viwili. Ukigusa wa tatu wenyewe, hugeuka pamoja na wa pili na wa nne. Toa wa katikati, viwili tena. Na upande wa pili ni mfano wa upande huu. Basi tangu milango yote imefungwa, idadi ya milango iliyo wazi katika ile minne ya pande mbili itakuwa sifuri, au miwili, au minne; haitakuwa mmoja wala mitatu hata ukigusa mpaka Kiyama. Nami nilikuwa nikitaka mmoja tu!

Mwalimu alimtazama mzee kwa heshima, akasema: "Mzee, mimi hilo nilifundishwa chuo cha ualimu. Wewe umelipata wapi?"

"Mimi nimehesabu mbuzi miaka sitini," akasema mzee. "Wakitoka wawili wawili, hawezi kupotea mmoja nisijue."

Nilinyamaza kwa haya, maana jambo lenyewe nililisoma udogoni. Chuoni kwetu, kabla hatujashika kalamu ya Kizungu, tulikuwa tumekwisha kuyajua maneno mawili: shufwa na witiri. Shufwa ni hesabu inayogawika wawili wawili, kama mbili, nne na sita. Witiri ni ile inayobakiza mmoja pekee, kama moja, tatu na tano. Kila Mwislamu anayeswali witri usiku analichukua neno hilo ulimini. Maneno hayo yametufikia kwa Kiarabu, na sasa yamo hata katika vitabu vya hesabu vya shule. Ila mimi niliyaweka katika sanduku la dini nikafunga, sikudhani kwamba yatanifaa mbele ya vizibo vya soda. Elimu isiyotolewa nje huota ukungu kama kanzu ya sikukuu.

Siku ile ya pili, mvua ikiwa bado inanyesha, mwalimu alitufundisha fumbo zima, na wanafunzi wake tulikuwa dereva, utingo, mama wa chai, mzee na mimi. Nami nitakueleza, msomaji, kama alivyotueleza.

Jambo la kwanza: utaratibu wa kugusa haujalishi. Ukigusa wa kwanza kisha wa nne, au wa nne kisha wa kwanza, mwisho ni ule ule. Maana kila mlango huangalia tu umegeuzwa mara ngapi. Ukigeuzwa mara za shufwa, umerudi ulivyokuwa. Ukigeuzwa mara za witiri, umebadilika.

Jambo la pili: kugusa mlango mara mbili ni sawa na kutougusa. Kwa hiyo mwenye kutaka hatua chache hagusi mlango mmoja mara mbili. Hapo milango mitano, iliyokuwa ikionekana kuwa na njia zisizo na ukomo, inabaki na njia 32 tu: kila mlango ama umeguswa ama haukuguswa.

Jambo la tatu ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Si lazima ujaribu hata hizo 32. Amua kwanza jambo moja tu: je, nitagusa mlango wa kwanza au sitaugusa? Ukishaamua, mengine yote yanajiamua yenyewe. Mlango wa kwanza hugeuzwa na mguso wake na wa jirani yake wa pili, basi. Kwa hivyo hali ya wa kwanza itakulazimisha kuugusa wa pili au kuuacha. Kisha hali ya wa pili itakulazimisha juu ya wa tatu, na hali ya wa tatu juu ya wa nne, kama kufagia chumba kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili. Ukifika mwisho, tazama mlango wa mwisho. Ukiwa sawa, umefaulu. La sivyo, rudi mwanzo ushike uamuzi ule mwingine. Zikishindwa zote mbili, usipoteze mafuta ya taa: haiwezekani. Hata milango ikiwa mia, majaribio ni mawili tu. Laiti ningelijua hilo usiku wa kwanza, ningelilala.

Na ikiwa unataka kufungua milango yote, hesabu yake ni nyepesi. Mguso mmoja hauwezi kugeuza zaidi ya milango mitatu. Basi milango mitano haiwezi kufunguka kwa chini ya miguso miwili. Na miwili yatosha: gusa wa kwanza, kisha wa nne. Milango saba yataka mitatu: wa kwanza, wa nne na wa saba. Milango kumi yataka minne: wa kwanza, wa nne, wa saba na wa kumi. Gawanya kwa tatu, na ikibaki baki ongeza mguso mmoja. Milango mitatu, gusa wa katikati tu na kazi imekwisha.

Fumbo hili, msomaji, limeizunguka dunia kwa sura nyingi. Mwaka 1978 kampuni ya Parker Brothers ya Marekani ilitoa chombo cha kuchezea kiitwacho Merlin, na mmoja wa michezo yake ulikuwa wa namna hii, kwa taa tisa za miraba. Mwaka 1995 kampuni ya Tiger Electronics ikatoa mchezo wa Lights Out, wenye taa 25 zilizopangwa tano kwa tano; ukigusa moja, hugeuka yenyewe na majirani zake wa juu, chini, kushoto na kulia. Hali za taa hizo ni 33,554,432, lakini robo yake tu ndizo zinazoweza kuzimika. Zikiwa zote zinawaka, zaweza kuzimwa, na hatua chache kabisa ni 15. Watoto waliuchezea mchezo huo kama mchezo, na wanahisabati wakauchezea kama kazi.

Mwaka 1989 mwanahisabati Klaus Sutner alichapisha jambo la kushangaza. Milango usiipange mstari. Ipange utakavyo, kwa duara, kwa mti, kwa vichochoro vya mji wa Lamu, maelfu kwa maelfu. Madhali kila mguso unageuza mlango wenyewe na majirani zake wote, na ujirani wenyewe ni wa pande mbili, yaani mimi nikiwa jirani yako nawe u jirani yangu, basi kutoka hali ya milango yote kufungwa, daima ipo njia ya kuifungua yote. Daima! Huenda usiweze kufungua mmoja peke yake, kama nilivyoshindwa mimi, lakini kuifungua yote pamoja hakushindikani.

Mwalimu alitudokezea hilo siku ya tatu, na mzee akauliza swali lililonichoma: "Na ujirani ukiwa wa upande mmoja?"

Mwalimu akapanga vizibo vitatu kwa duara. "Tuseme hivi, Mzee. Wa kwanza akiguswa, anageuka yeye na wa pili. Wa pili akiguswa, anageuka yeye na wa tatu. Wa tatu akiguswa, anageuka yeye na wa kwanza. Hakuna anayemgeuza aliyemgeuza. Funguaeni vyote vitatu."

Sote tukainama juu ya mchanga. Safari hii sikuahidi alfajiri. Nikatazama, nikahesabu, nikasema: "Haiwezekani. Kila mguso hugeuza viwili. Vilivyo wazi vitakuwa shufwa siku zote, na vitatu ni witiri."

"Sadakta, Ustadhi," akasema mwalimu. "Na ujirani ungekuwa wa pande mbili, mguso mmoja tu ungevifungua vyote."

Mzee akatikisa kichwa. "Hiyo duara yako, mwalimu, haina majirani. Kila mtu anaona mgongo wa mwenziwe."

Kisha akatueleza habari ya ukame. Ng'ombe zake zilipokwisha, ukoo wake ulimkalia kikao wakamchangia wanyama wa kuanzia, kwa ada ya Waborana iitwayo busa gonofa, ambayo kwayo aliyefilisika hainuliwi na tajiri mmoja bali na ukoo mzima. Akasema kwamba ada hiyo husimama kwa sababu mtoaji wa leo ndiye mpokeaji wa kesho. Mama wa chai akaongeza kwamba yeye Mturkana katika ukame ule ule alimpa chai kwa mkopo huyo mzee miezi mitatu, na juzi mzee amemletea mbuzi. "Sisi hapa tumewahi kugombana kwa majani na maji," akasema, "lakini mto ni mmoja. Nikifunga mlango wangu, wake unabana."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Sasa nikwambie, msomaji, kwa nini sikucheka, ingawa ni aibu ya nyumbani. Marehemu baba yetu alituachia nyumba mbili za mawe, zinazokabiliana kwenye kichochoro kimoja na kuunganishwa juu kwa wikio, kile chumba cha daraja kinachovuka njia kutoka nyumba hadi nyumba. Moja alipata kaka yangu mkubwa, ya pili nilipata mimi, na dada yetu akapata sehemu yake ya shamba. Mirathi ilikwisha kwa amani. Wikio ndilo lililotugombanisha. Boriti zake zilioza, na kila mmoja akaona kwamba kulitengeneza ni juu ya mwenziwe. Kaka akaufunga mlango wa wikio upande wake kwa misumari. Mimi nikaufunga upande wangu kwa kabati. Ikapita miaka minne hatujasemezana.

Na habari zikipita, zilipitaje? Mimi nilikuwa nikisema na dada. Dada akimfikishia kaka. Kaka akiwa na jibu, hunipelekea karatasi chini ya mlango, isiyo na salamu. Mimi sikumjibu yeye; nilirudi kwa dada. Duara ile ile ya vizibo vitatu! Miaka minne tumekuwa tukigusa milango, mmoja ukifunguka mwingine unajifunga, na kila mmoja wetu akiapa kwamba amefanya juhudi yake yote. Na kweli tulifanya juhudi. Ila juhudi ya duara haifungui milango mitatu hata ikifanywa miaka elfu. Haikuwa dhambi ya mtu mmoja. Ilikuwa ni mpango mbovu wa ujirani, ambao tuliupanga wenyewe.

Usiku wa tatu mvua ilikatika. Nilikaa kando ya mto nikiyasikiliza maji yakienda Lorian. Nilikuwa nikitaka, msomaji, lile lile nililolitaka kwenye vizibo vitano: mlango wangu wa kwanza ufunguke peke yake, yaani haki yangu ithibitike, na ya wengine ibaki ilivyo. Halafu nikaona kwamba hilo ndilo lisilowezekana, na kwamba jambo kubwa zaidi, kufungua yote, ndilo lenye njia. Ni ajabu, lakini ndivyo hesabu isemavyo: kikubwa chawezekana pale ambapo kidogo hakiwezekani.

Asubuhi laga lilikuwa limepungua. Lori likavuka, na sisi tukavuka nalo. Mwalimu alinipa vile vizibo vitano kuwa ukumbusho. Mzee alinishika mkono akasema, "Ustadhi, usihesabu cha katikati." Sijui kama alikuwa akisema juu ya fumbo au juu ya wikio, kwa sababu wikio sikumtajia.

Merti nilikaa siku nne, nikasikiliza nyimbo za visimani, ambazo nitakusimulia siku nyingine inshallah. Niliporudi mjini Isiolo nilikaa mbele ya hoteli, nikatoa simu. Kidole kilikwenda kwa jina la dada kwa mazoea. Nikakirudisha. Nikapiga kwa kaka mwenyewe.

Iliita kwa muda mrefu. Kisha akapokea, na wala hakuuliza ni nani.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

Kimya. Halafu: "Marahaba. Nimesikia uko huko kwenye mafuriko."

"Niko salama."

"Dada aliniambia. Mimi nikamwambia, kwa nini hanambii mwenyewe?"

Nikamwambia: "Ndiyo nakwambia mwenyewe."

Tulizungumza kidogo, mengi yakiwa ya mvua na bei ya samaki. Wikio hatukulitaja. Lakini niliporudi Lamu, siku ya pili yake nilisikia nyundo juu ya kichwa changu, upande wa pili wa ukuta. Si nyundo ya kupigilia. Ni nyundo ya kung'oa misumari. Nikaenda nikasukuma kabati. Sitakudanganya kwamba mambo yote yamekwisha: boriti bado zimeoza, gharama bado tunaizozania, na fundi amekuja mara mbili akaondoka. Lakini sasa tunaizozania ana kwa ana, na dada yetu amepumzika na kazi ya utarishi. Vizibo vyangu vitano nimevipanga juu ya rafu, wazi vyote. Ilichukua hatua mbili.

Wewe msomaji nakuachia chemshabongo ya kutafuna jioni. Panga vizibo sita mstari mmoja, vyote vimefungwa. Fungua cha kwanza na cha mwisho tu, hivyo vinne vya katikati vibaki vimefungwa. Hatua nne zatosha, na kwa njia ya kufagia utazipata kabla chai haijapoa. Na ukiwa na ndugu mnayesemezana kupitia kwa mtu wa tatu, hiyo chemshabongo ya pili unaijua mwenyewe. Kwaheri kwa beti hii:

Mlango ukiugusa, na wa pili u mbioni,
Usidhani ni makosa, ndiyo ada ya jirani,
Njia moja ikikosa, geuka uje shinani,
Nami leo nimegusa, tufungue wa nyumbani.